Kinoo Changu Chenye Kreta

Hadithi hii hainipendezi hata kidogo, maana mjinga ndani yake ni mmoja tu, na ndiye anayekusimulia. Ila watu wa mji wetu wa Karatu walishacheka, kwa nini wewe ubaki nyuma?

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kinyozi. Kibanda cha mabati, wembe wa kukunja, na kinoo cha kuunolea. Sasa hicho kinoo nilizoea kukisugua katikati tu, kikalika, kikafanya bonde. Ukilaza wembe juu yake, ncha zinagusa, tumbo linaelea. Wateja wakakibatiza Kreta, kama lile bonde kubwa la wanyama la jirani zetu.

"Vipi, leo faru wameonekana?" mteja akiingia hunitania.

"Wameonekana, ila wenye ndevu hawaruhusiwi kushuka."

Ijumaa moja akaja mkulima mmoja, Mwiraqw wa kule juu. "Dogo, kesho naoa. Nataka kidevu kama yai."

"La kuku au la bata, kaka?"

Alipoondoka nikaomba simenti iliyokwisha kukorogwa kwa waashi wa jirani, nikaijaza ile kreta, nikalainisha kwa kijiko. Tambarare! Nikajiona fundi.

Asubuhi nikanoa. Krrr, krrr. Nikadhani ni utamu wa makali. Kumbe simenti ina mchanga, na mchanga umeng'ata wembe mpaka umekuwa msumeno. Bwana harusi aliporudi, nikampaka povu, nikavuta mara moja shavuni. Akaruka na kiti.

"Unaninyoa au unanimenya?"

Nikatazama. Ndevu zimebaki mistari mistari, kama mahindi yaliyopitiwa na tembo. Na hapo kengele ya kwanza ya kanisa ikalia.

"Nikichelewa, wakwe watasema nimetoroka," akasema, na sasa hacheki.

Ndipo akili ikanijia: bonde la kinoo halijazwi, kingo ndizo zinashushwa. Nikamwaga mchanga na maji kwenye kizingiti cha jiwe bapa, nikakigeuza kinoo kifudifudi, nikasugua mpaka simenti ikabanduka vipande na uso wote ukawa sawa. Nikakisuuza vizuri, nikaanza kuyaondoa yale meno ya wembe, taratibu, huku nampigia bwana harusi soga asije akaondoka na povu lake.

Mama yake akaingia, kitenge kipya, mwavuli mkononi. "Watu wamejaa kanisani! Mnafanya nini hapa?"

"Shikamoo mama. Harusi haianzi bila bwana harusi, na bwana harusi haanzi bila mimi."

"Marahaba. Nyoa!"

Nikaupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, nikanyoa. Safari hii uliteleza wenyewe, hata tone la damu hakuna. Kengele ya pili ikalia, bwana harusi akajipapasa kidevu, akatabasamu, akatoka mbio koti likiwa begani.

Mama akabaki mlangoni, ananikagua toka juu hadi chini.

"Mwanangu, huo ulimi wako unaunolea kwenye kinoo gani? Wembe nao uwe unaunolea hapo hapo."