Chungu Chenye Tundu

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Niliishia darasa la nne, nikauza vitunguu kwa kopo sokoni Katesh, na leo nina duka la vifaa vya ujenzi na nyumba ya vyumba vitano, vigae kila chumba. Kwa akili hii hii.

Mama mkwe wangu ni mfinyanzi kule Endasak. Nilipooa alitupatia chungu. Mimi nina masufuria, kwa hiyo nikakitumia kunyweshea kuku. Mwaka jana jogoo alikiangusha, kikapasuka. Nyumba mpya ilipokamilika nikampigia simu mama aje kuibariki.

"Nitaingia, mkwe wangu, nikiona chungu changu kimo ndani."

Habari za kuku zilikuwa zimeshamfikia. Na nyumba iliyogomewa na mama mkwe, hata majirani hawanywi chai yake.

Nikamtuma mke wangu Endasak akatafute kingine kimya kimya. Akarudi mikono mitupu. Kumbe kuna wabunifu vijana kutoka Arusha, wanakaa na wafinyanzi, wanachora maumbo mapya, na kila kinachotoka motoni wanakinunua wao. Nilicheka sana. Nani atatoa hela yake kwa udongo?

Nikapanda basi hadi dukani kwao Arusha. Nikachagua kikubwa kuliko vyote. Binti muuzaji akaanza, "Mzee, hicho ni cha..."

"Binti, mimi vyungu nimeoa navyo. Funga."

Jumapili mama akaja kutoka kanisani, akasimama kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kiko wapi?"

Nikakileta, nikamimina maji mbele yake ili aone kinatumika. Yakatokea chini, yakalowesha viatu vyake.

Akakigeuza. "Nimekifinyanga mimi hiki. Na tundu nimelitoboa mimi, la kupitishia waya. Ni cha taa, mkwe."

"Najua, mama."

"Ahaa. Taa iko wapi?"

Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa nje. Majirani wakapata shughuli za ghafla kwenye ua wao. Nikamwita fundi umeme. Chungu kikaning'inizwa juu ya meza, mdomo chini, kikawaka. Ndipo mama akavuka kizingiti, akabariki kila chumba, akala wali, akauliza kuku wangu siku hizi wananywea nini.

Chungu, nauli, waya, balbu na fundi wa Jumapili: shilingi laki mbili, kumi na nne elfu na mia tano.