Kofi la Madam Wairimu

Moshi wa leleshwa ukinipiga puani, popote nilipo, shavu langu la kushoto huanza kuwasha. Mtanicheka, lakini ndivyo mwili wangu unavyoikumbuka safari moja ya shule.

Tulikuwa watoto wa Kitengela, wa ploti na mabati, na hakuna aliyewahi kulala nje. Madam Wairimu, mwalimu wetu wa darasa la sita, alitupeleka kupiga kambi kwenye ranchi moja upande wa Kajiado, chini ya jabali, kando ya korongo lililokauka. Lekishon, mchungaji wa hapo, alitufundisha kuwasha moto kwa matawi ya leleshwa, kichaka cha huko chenye harufu kali, akatukataza kusogelea vichaka vya korongoni. Sisi tulikuwa tunagombania sukari.

Asubuhi, chai ikichemka, mbwa wa Lekishon walianza kubweka kama waliopandwa na wazimu. Nyati dume akatoka korongoni peke yake, ana kidonda kibichi ubavuni. Hema la kwanza alilibeba kwenye pembe kama shuka iliyoanikwa, akalichana, akakanyaga sufuria. Chai ilimwagika motoni, mvuke ukatuziba macho.

"Juu ya jabali! Pandeni!" Madam alifoka, akitusukuma kwa viganja na magoti.

Mimi nikageuka. Nilikuwa miguu mitupu.

"Madam, viatu vyangu vipya—"

Alinizaba kofi nikaona vimulimuli, akanikamata kola na kunirusha juu kama gunia la viazi. Mdomo wangu uligonga jiwe, nikaonja damu. Nilipogeuka kumlilia, nyati alikuwa amemfikia. Pembe iliingia pajani. Akarushwa, akaanguka, mnyama akamrudia. Mbwa mmoja alimrukia nyati puani, akapasuliwa tumbo mbele yetu. Ndipo Lekishon na ndugu zake wakafika na mikuki, wakachoma, wakachomoa, wakachoma tena, mpaka yule dume akapiga magoti, damu yenye povu ikimtoka puani.

Walimpakia Madam kwenye pikapu, paja limefungwa kwa shuka nyekundu ya Lekishon. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Watoto wote wapo?"

Nilipofika nyumbani, sikuanza na nyati. Nilimwambia mama kwamba Madam alinipiga. Hata aliporudi shuleni akichechemea na mkongojo, nilipita pembeni nisimsalimie. Niliamini alikuwa ananichukia.

Juzi juzi, kando ya barabara ya Namanga, mwanangu alichomoka kufuata mpira, lori likija. Nilimvuta mkono kwa nguvu zangu zote, akaanguka chini, goti likachubuka. Alinitazama kwa chuki, akilia, "Mum, umeniumiza!" Nilitaka kumweleza, lakini sikuwa nimebakiwa na upole wowote wa kumpa.

Jioni nilimpigia Madam simu. Nilikuwa nimepanga kumshukuru. Nilimsalimia tu, nikamuuliza mguu unaendeleaje.