Mkanda Uliopanda Kooni

Niliporudi Garissa na shahada ya historia, goti lilikuwa limemlaza Ayeeyo, bibi yangu. Nikaanza kumpeleka punda wake mtoni kuchota maji. Punda huyo, Waberi, alikuwa mzee, na kila jerikani niliyopakia niliiona kama dhambi. Siku ya tatu nikawaza: nikizisukuma zote upande wa nyuma wa mkokoteni, mgongo wake utapumzika.

Tulipoanza kupanda kutoka mtoni, nyuma ikalemea, mikono ya mkokoteni ikanyanyuka mbele, na mkanda wa kifuani ukampanda kooni. Alikoroma, akaanguka. Nilifungua mafundo haraka. Aliposimama, ngozi ya kooni ilikuwa imechubuka.

Niliacha mkokoteni, nikamrudisha Waberi polepole, nikipanga namna tatu za kujieleza. Nilihofu Ayeeyo hatanikabidhi tena mnyama wake.

Alipapasa lile koo. "Ulipakia nyuma?"

"Nilimwonea huruma."

"Wallahi, miaka minne walikufundisha nini huko?"

Nikamwambia ukweli. Niliandika tasnifu nzima kuhusu farasi: jinsi watu wa kale walivyowafunga mkanda wa kooni, wakawa hawawezi kuvuta kwa nguvu zao zote, mpaka uzito uliposhushwa mabegani.

Ayeeyo alicheka hadi akashika goti. "Wao hawakujua. Wewe ulijua, ukamnyonga!"

Kisha akatulia. Baba yake alikuwa na farasi, akasema, na wakati wa kiangazi maziwa ya ngamia yalimfikia farasi kabla ya watoto.

"Hamkumwonea wivu?"

"Tulimwonea wivu sana. Lakini Baba alikuwa hamfungi chochote kabla hajampapasa shingo, na farasi akigeuza kichwa kando, anangoja mpaka akirudishe. Hata vitani."

Siku nne punda alipumzika, jirani akituchotea maji. Siku ya tano nilisimama naye uani, kiganja shingoni, mkanda begani mwangu. Akageuza kichwa. Nikaanza kuwaza: ni maumivu, au ni chuki? Na kama ni chuki, ataisahau?

"Ayeeyo, amenikataa."

"Hujangoja bado," alisema kutoka mlangoni.

Nikangoja. Jua likapanda, mkono ukafa ganzi. Mwishowe alipumua kwa nguvu, akarudisha kichwa, akaegemeza shingo yake kwenye kiganja changu.

Nilipotazama mlangoni, Ayeeyo alikuwa ameshaingia ndani.