Ndoa Itapita, Alisema Jirani Yangu Msomi

Jirani yangu msomi amefariki. Habari zilinikuta uani nafua nepi, na aliyezileta alisimama mlangoni, haingii wala haondoki, mpaka nikajua mwenyewe. Malaria ilimpanda kichwani, ikammaliza upesi mtu aliyekuwaga anabishana hata na redio. Nimechelewa kumwandika, wasomaji wangu, kwanza kwa sababu nina mtoto anayeota meno, na pili nilikuwa nasubiri hasira zipungue, maana marehemu hatukanwi. Hazijapungua. Udongo wa kaburi haujakauka, mwanamke aliyeishi naye na kumzalia watoto watatu akaanza kuulizwa yupo kwa nani, ndani ya nyumba aliyoisombea mchanga mwenyewe hapa Gongo la Mboto. Na aliyemwachia swali hilo ni mtu aliyesoma kuliko mtaa mzima.

Alikuwa mwalimu wa sekondari aliyerudi darasani mvi zimeshaanza, akaenda chuo kikuu kusomea sosholojia ya kihistoria. Msiogope. Hata sie jina hilo lilitutisha, mpaka jioni moja alipotueleza barazani, kajifunga msuli, kikombe cha chai mkononi: ni elimu ya kuchukua jambo tunaloliona la siku zote na kuliuliza lilianza lini, lililetwa na nani, na nani alinufaika. Mambo wakati huo yalikuwa yanageuka kama chapati. Maduka yaliyokuwa hayana hata kipande cha sabuni yakajaa sabuni za kila rangi, na sie tukawa hatuna za kununulia. Hospitali ikaanza kutaka tuchangie. Karo zikarudi. Wanaume wakapunguzwa viwandani, wakawa wanashinda kwenye vibanda vya video. Tukasema basi, ndiyo dunia. Yeye akatukatalia. "Soko huria halikunyesha na mvua," alisema. "Kuna watu walikaa kwenye viti wakaamua, na viti vile wakati ule hamkuvikalia nyie." Mie nilikuwa nimetoka kidato cha nne na mimba ya kwanza, aliyenipa mimba kaniambia mambo ndivyo yalivyo, nimtulizie kelele. Pale barazani nikamwona kwa mara ya kwanza mtu mzima anayeyachukia maneno yale kama ninavyoyachukia mie. Nisingeandika gazetini leo kama asingekuwa yeye. Sifa yake simnyimi.

Ila tuseme na mengine. Chuo nacho kilikuwa kimeanza kutaka wanafunzi wachangie, na aliyemchangia alikuwa mwanamke wake. Alfajiri yupo Ilala anafungua belo la mitumba, jioni anarudi kupika, kesho anapiga pasi shati la mwanachuo. Kiwanja walikipata kwa mjomba wake yeye mwanamke, Mzaramo wa huku huku, na kwenye karatasi ya kuuziana likaandikwa jina la mwanaume, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na kalamu mfukoni. Na sikilizeni hili. Insha iliyompa alama za juu kuliko zote ilihusu jinsi wakoloni na wamisheni walivyoanza kuandikisha ndoa na ardhi, na jinsi wanawake ambao majina yao hayakuandikwa walivyogeuka wageni kwenye mashamba waliyoyalima kwa mikono yao. Alitusomea yote barazani, sauti inamtetemeka kwa uchungu. Yule mwanamke akalia kwa kuwahurumia wanawake wa zamani. Alipomaliza kulia akainuka kwenda kumpashia mwandishi wali.

Mama yake huyo mwanamke hakulia. Alikuja kutoka Chanika na mhogo kwenye kapu, akakaa mkekani, nami nikiwepo namsuka binti yake. Msomi akamwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sikukawia njiani, na neno langu silikawizi. Mwanangu utamuoa lini?"

Akaweka kitabu chini. "Mama, ndoa hii tunayoijua ni taasisi ya kihistoria. Ilianza, ikabadilika, na mwishowe itapita."

"Itapita kwenda wapi?"

"Itatoweka, mama. Watu watabaki na mapenzi yao tu."

"Haya. Na wewe umeahidiwa kuwepo siku itakapotoweka?"

Tulicheka mpaka kitana kikanidondoka. Yeye alicheka kuliko sote, alikuwaga mcheshi. Mama mtu akasema dini zenu mbili tofauti nazijua, simtaki padri, sheikh naye nimemwacha nyumbani. Nendeni bomani mkaandikishe, mrudi mle mhogo wenu. Msomi akajibu kwamba karatasi ya bomani ndiyo mbaya zaidi, ni mtego wa dola. Binti naye, kichwa kimesukwa nusu, akamtetea: "Mama, mwenzio kasoma." Basi, mada ikafungwa. Miaka ikapita. Ndoa ikabaki palepale, na tulivyoona sote, aliyepita ni yeye.

Ndugu zake wakashuka kutoka bara. Nauli ya jeneza kwenda kwao haikupatikana, nauli ya wazee kuja kutazama nyumba ilipatikana. Makaburini ukasomwa wasifu wa marehemu: shule alizosoma, digrii yake, na kwamba ameacha watoto watatu. Kawazaa na nani, wasifu ukanyamaza. Labda aliwaazima maktaba. Yule mwanamke alisimama pale na kanga yake moja kichwani, anasikiliza maisha yake mwenyewe yanasomwa bila yeye kuwemo.

Siku ya kumaliza matanga wakakaa kikao. Baba mkubwa wa marehemu akakohoa, akaanza: "Huyu binti tunamshukuru kwa kumtunza kijana wetu."

"Kumtunza? Alikuwa nesi?" Hiyo ni mie. Mdomo wangu mnaujua.

"Wewe unayenyonyesha, wewe nani katika ukoo huu?"

"Jirani."

"Basi kafanye ujirani huko nje." Akamgeukia mwenye msiba. "Binti, mahari ilipokewa na nani?"

Mwenye msiba akajifunga kanga upya.

"Cheti kipo?"

"Mwenyewe alisema hakina haja," akajibu, taratibu.

"Mwenyewe ndiye tuliyemzika."

Wakaamua kwa huruma. Neno ni lao, huruma. Yeye na watoto wakae chumba cha uani mpaka mdogo amalize shule. Vyumba vya mbele ukoo utapangisha, kwa niaba ya watoto. Nimeulizia, nimeambiwa mahakamani anaweza kusikilizwa, maana mtaa mzima unajua kaishi kama mke. Nimemsukuma aende. Ananiambia, "Dada, kesi inataka mtu anayeshinda bure, na mie belo linanisubiri." Na nyie msijifanye mna jibu la kumpa.

Sasa chumba cha mbele kimekuwa saluni, na kila mwisho wa mwezi mdogo wa marehemu anakuja kuchukua kodi. Juzi nilikuwa nimekaa na yule mwanamke uani. Bwana huyo kapokea hela zake, kahesabu, katia mfukoni, kisha akapita hadi nyuma, akavuta kigoda, akatabasamu vizuri kabisa: "Shemeji, chai ipo?" Masikio yangu, wallahi! Kwenye kikao alikuwa "huyu binti". Kwenye chai kawa shemeji. Nikasubiri mwenzangu ammwagie birika. Akamimina kikombe, akatia sukari, akampa kwa mikono miwili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa.

Marehemu apumzike kwa amani. Nilimpenda na bado namdai maelezo. Alikuwa sahihi kwamba kila jambo lina mwanzo wake na kwamba waliolitengeneza ni watu. Kosa lake ni kudhani kujua hivyo kunatosha, kwamba ukishaijua mvua ilikotoka, hulowi. Nyie dada zangu wa Temeke, Kinondoni na huku kwetu, hamhitaji digrii kwa hili. Anayekuita mke wakati wa kula, mshike mkono kesho asubuhi, mwende bomani, akakuite hivyo mbele ya karani. Akikwambia ndoa itapita, mwambie sawa, itatukuta tumeshaandikishwa.