Sare na Mkuu wa Idara

Mwaka ule serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja hapa Dodoma. Mkuu wetu wa idara ndiye aliyepewa kazi ya kuandaa orodha ya watakaoondoka. Na katika mashindano ya sataranji ya watumishi, ukumbini Makole, raundi ya mwisho nikapangwa naye.

"Mwachie ashinde," mwenzangu wa masjala alininong'oneza. "Una watoto wawili, dada."

Nilimwamkia mkuu shikamoo. Akaitikia bila kuniangalia, akasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili. Nami vivyo hivyo. Akatoa farasi, nikatoa wangu. Farasi wake akamla askari wangu. Mkono uliniwasha kulipiza papo hapo, lakini nilikumbuka onyo la mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, aliyenifundisha ufunguzi ule: "Usiwe na pupa, binti. Mfukuze farasi wake kwanza, ndipo ule. Ukikurupuka, malkia wako amekwenda."

Nikamfukuza. Mkuu akaniangalia kwa mara ya kwanza.

Baada ya saa mbili alikuwa amenizidi askari wawili, na mmoja alikaribia kufika mwisho na kugeuka malkia. Nilibakiwa na malkia wangu tu wa kutegemea. Nikamshambulia mfalme wake, akakimbilia pembeni. Nikashambulia tena, akarudi. Pembeni, akarudi. Watu wakatuzunguka. Mkao ule ule ukijirudia mara tatu, mchezaji anaweza kudai sare. Lakini ilinibidi ninyooshe mkono mbele ya ofisi nzima.

Nikaunyoosha.

"Mara tatu," nilimwambia mwamuzi.

"Una hakika?" mkuu akauliza.

"Nina hakika, mzee."

Mwamuzi akapitia karatasi tulizoandikia mchezo, hatua kwa hatua. "Sare."

Tukapeana mikono. Mkuu hakuuachia wangu. "Orodha niliipeleka wiki iliyopita," alisema polepole. "Jina lako limo. Nilitaka kukuambia kabla hatujaanza, nikashindwa."

Nilimwuliza kwa nini mimi. Akasema kati ya wapiga chapa wanne alitakiwa kubakiza mmoja, akambakiza mjane. Nilitembea kwa miguu hadi nyumbani Mkonze nimefura kwa hasira, ila nilifurahi kwamba sikumwachia.

Miezi michache baadaye nilipata taipureta kuukuu, nikaanza kuchapa barua za watu barazani kwangu.