Makumbi Makavu ya Mwanaisha

Kisima chetu hapa Koyama kiliingiwa na dizeli, na binti yangu Mwanaisha akatengeneza chujio la makumbi ya nazi aliyoyatia dawa ya kunasa dizeli. Nilipoyaona makavu, nilipandwa na hasira. Miaka yote nikiziba nyufa za mashua, sijaona makumbi yakifanya kazi bila mafuta! Mjinga mimi, sikumuuliza. Niliyaloweka kwenye mafuta ya papa, nikayarudisha kwenye pipa lake la kuchujia.

Kesho yake maji yakanuka. Wanawake wakamzingira Mwanaisha. "Ondoa pipa lako, mwanangu, umetuua!"

"Wallahi dawa yangu hainuki," akasema huku analia.

Nami nikafoka kuliko wote: "Dawa yake haifai! Hata mafuta ya papa niliyoyatia jana hayakuisaidia!"

Mwanaisha akafuta machozi.

"Mafuta gani, baba?"