Ukuta Usio na Mabawa

Nakumbuka Jumanne moja, nikiwa na miaka arobaini na sita, nimekaa nyuma kabisa katika darasa la ujenzi, magoti yakigonga dawati. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa nimejenga nyumba Matiliku kwa miaka ishirini, nikaona nitafute cheti kabla macho hayajaisha. Mwalimu wetu Kavinya, binti wa Tseikuru, alikuwa rika la kitinda mimba wangu. Siku hiyo alichora ubaoni ukuta wa kukatiza mto mkavu, ule unaokusanya mchanga nyuma yake ili maji yabaki ndani ya mchanga baada ya mvua. Kila upande wa ukuta akaongeza mistari iliyokatika-katika.

Sikujua mistari ile ni ya nini. Alipouliza kama tumeelewa, mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Baada ya kipindi akanifuata.

"Mzee, kama kuna mahali imekushinda, kuja tu ofisini tuangalie pamoja."

Nikamjibu kwamba mimi nilishika mwiko kabla yeye hajazaliwa. Akabeba vitabu vyake, akaenda zake. Kiburi cha mtu mzima ni kitu kibaya sana, nakwambia.

Likizo ndefu ilipofika, akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi kijijini, waliniomba niwasimamie wajenge ukuta kama ule. Walikuwa wamechoka kufuata maji na punda nusu siku. Kiongozi wao alikuwa Mwikali, mjane mwenye michungwa kando ya mto. Walibeba mawe mgongoni miezi miwili. Nikafungua mchoro wangu wa darasani, nikafika kwenye mistari ile, nikajiambia hiyo ni sehemu ya ziada, ya kuongezwa baadaye watu wakipenda. Ukuta wangu ukaishia pale kingo zinapoanzia. Walipigia kazi yangu vigelegele, nami nikavimba kichwa.

Mvua ya Novemba ikaja. Maji yakazunguka ukuta, yakala ukingo wa kushoto, yakaondoka na michungwa ya Mwikali mmoja baada ya mwingine. Ukuta wenyewe haukupata hata ufa. Hadi leo umesimama pale, mto unapita kando yake.

Kwenye mkutano wa kikundi nilifanya jambo linaloniuma kuliko hasara yenyewe. Nilisema makosa ni yao, kwamba niliwaagiza wapande nyasi za kushika kingo wakapuuza. Sikuwahi kuwaagiza. Lakini mimi ndiye niliyekuwa chuoni, nani angenibishia? Mwikali, aliyepoteza shamba, akasimama mbele ya watu wote.

"Pole, Baba Mumo. Pengine tulisahau. Sisi hatujasoma kama wewe."

Nami nikaipokea pole ile, mwanangu. Nikaipokea na kutikisa kichwa.

Chuo kilipofunguliwa nilienda ofisini kwa Kavinya, nikamwonyesha mistari.

"Hiyo inaonyesha kitu iko ndani ya udongo, mzee," akasema. "Ni mabawa ya ukuta. Lazima yaingie kwa ukingo, ndio maji isizunguke."

Maelezo yake hayakumaliza hata dakika moja.

Jumamosi nikaenda kwa Mwikali. Nilimkuta akipukuchua mbaazi, nikamweleza yote. Aliendelea na mbaazi zake hadi nilipomaliza.

"Na ile siku niliomba msamaha," akauliza, "ulikuwa unajua hukutuambia kupanda nyasi?"

"Nilikuwa najua."

Akachukua sufuria yake, akaingia ndani. Hakunisalimia tena mpaka tulipomzika, na simlaumu.

Basi sikia, wewe unayerudi darasani na mvi zako. Usiitikie usichokijua. Muulize mwalimu hata kama ni mtoto wa juzi, muulize mbele ya wanaokucheka, kwa sababu utakachojenga kitasimama kwenye mashamba ya watu. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla uliyemuumiza hajasimama kukuomba radhi. Mungu akubariki katika masomo yako, akupe mwalimu mvumilivu, akupe na kinywa cha kumwambia, "Sijaelewa."